Mpapindi wa Pemba: mti wa jamii ya mnazi uliobaki kisiwa kimoja

Ukitoka Konde kwenda Ras Kigomasha, kaskazini-magharibi ya Pemba, njia inapita katikati ya Msitu wa Ngezi. Ndani ya kivuli cha msitu huo unaota mti wa jamii ya mnazi ambao Wapemba wanauita mpapindi. Kwa mbali utaudhani mpopoo: shina jembamba lenye pete, makuti yamejipanga juu, na mara nyingi mashina kadhaa yamechipuka kwa pamoja. Mrefu kabisa hufika mita 12 hivi. Matunda yake ni madogo, hayana nazi ya kukuna wala mafuta ya kukamua, na huenda ndiyo sababu watu wengi wa mwambao hawajawahi kulisikia jina lake.

Wanapaswa kulisikia. Mpapindi kwa asili yake haupo Unguja, haupo Tanga, haupo Mombasa wala Lamu. Uko Pemba tu. Harold E. Moore, bingwa wa Marekani wa miti ya jamii hii, aliueleza rasmi kisayansi mwaka 1962 na kuuita Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 ukahamishiwa katika jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu, ya Dypsis, na mwaka 2022, baada ya uchambuzi wa vinasaba, ukarudishwa kwenye jina la mwanzo. Katika mabadiliko yote hayo jambo moja halikuguswa: ndugu zake wako Madagaska na Komoro. Bara la Afrika halina hata mmoja aliye mwenyeji.

Hicho ndicho kisa. Kutoka Pemba hadi pwani ya bara ni kilomita 50 hivi; kutoka Pemba hadi Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, ni kama 800. Mti una jirani wa karibu ambaye si ndugu, na ndugu wa mbali ambao hawaonekani. Watu husema kwa wepesi kwamba tabianchi ndiyo inayoamua mti gani uote wapi, na ni kweli, lakini mpapindi unatulazimisha kuuliza: tabianchi ya lini?

Kwanza tuuweke kando mnazi wenyewe, maana kila mazungumzo ya jamii hii kwetu huanzia kwake. Mnazi haukuzaliwa Afrika. Uliletwa na mabaharia, na vinasaba vya minazi ya mwambao wetu vinaonyesha mchanganyiko wa minazi ya upande wa Bahari ya Hindi na ile ya Pasifiki. Mpopoo nao ni mgeni wa kutoka Asia. Ukihesabu mimea hiyo kana kwamba ni ya kwetu, ramani nzima inaharibika, kwa sababu mti uliopandwa na kupaliliwa na mtu hausemi ukweli wote kuhusu mvua ya mahali ulipo.

Mvua ya leo

Pemba ni kisiwa kibichi. Hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba, na katikati ya misimu hiyo manyunyu ya mchoo yanayozuia ardhi isikauke kabisa. Unguja hupata pungufu kidogo. Dar es Salaam na Mombasa hupata kama milimita 1,100, na ukifuata pwani kuelekea kaskazini, ukaipita Lamu hadi Kismayu, unashuka hadi kwenye 400. Kwa hiyo ndani ya mwendo ambao meli ya mizigo huumaliza kwa siku chache, mvua inapungua mara nne na zaidi.

Kwa miti ya jamii hii tofauti kama hiyo ni suala la uhai na kifo, na sababu iko ndani ya umbo lake. Kila shina lina kilele kimoja. Mkwezi yeyote atakwambia kwamba ukikikata kilele cha mnazi, mti umekwisha. Mwembe ukikatwa hutoa machipukizi ubavuni. Mnazi hauna njia ya pili. Tena shina lake haliongezi mbao mpya mwaka hadi mwaka kama mvule. Mirija ya maji inayojengwa shina linapokua ndiyo itakayotumika hadi siku mti unapoanguka, hata kama ni baada ya miaka mia. Na wala mti wa namna hii haujui kupukutisha majani yote ukalala kiangazi kizima, kama mbuyu unavyofanya. Unabaki wazi, na majani makubwa, ukivuta maji kila siku. Ukame mrefu unaukuta macho, na barafu ikigusa kilele imeumaliza.

Ndiyo maana wachunguzi wa zama za kale huiamini sana jamii hii kama kipimo cha joto. Wakikuta chavua yake ndani ya tabaka za udongo wanajua pale palikuwa na joto na hapakuwa na baridi ya kuua. Chavua ya aina hiyo imetolewa chini ya Bahari ya Aktiki na kwenye mwambao wa Antaktika, ya miaka milioni 50 na ushei iliyopita, wakati dunia ilipokuwa na joto kuliko sasa.

Kwa Afrika, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulichukua spishi 29 za jamii hii na kuangalia ni kitu gani kinachoelezea mahali zinapoota. Udongo ulipimwa, umbo la ardhi likapimwa, na shughuli za watu pia. Tabianchi ndiyo iliyoshika nafasi ya mbele, hususan mvua. Kwa hiyo tukianza na hoja nyepesi, kwamba mpapindi uko Pemba kwa sababu Pemba kuna mvua, hatujakosea. Ngezi bila mvua ile isingekuwa na mpapindi.

Lakini hoja hiyo inaishia njiani. Panda Usambara Mashariki hadi Amani: mvua ni nyingi kama ya Pemba, msitu ni wa kale, umejaa mimea isiyopatikana penginepo duniani. Ndugu wa mpapindi hakuna, si juu milimani wala chini kwenye mabonde yenye joto. Kisha angalia mambo yaliyofanywa na wapenda bustani. Mpapindi umepandwa Hawaii na kusini mwa Florida, mbali kabisa na Pemba, na unaishi na kuzaa, ila kule Florida adui yake ni zile siku chache za baridi kali ya Januari. Na ule mti wa mapambo wenye mashina ya manjano unaouona mbele ya hoteli na maofisi kuanzia Dar hadi Nairobi ni Chrysalidocarpus lutescens, binamu yake kutoka Madagaska, na unastawi bila shida pwani nzima.

Maana yake ni kwamba mvua na joto vya leo vinaruhusu mengi kuliko tunayoyaona. Vinaeleza kwa nini mpapindi unaweza kuishi Pemba. Havielezi kwa nini haupo kwingine.

Bara lililopoteza

Duniani kuna spishi kama 2,500 za jamii hii. Amerika ina zaidi ya 700. Asia na visiwa vya Pasifiki vina zaidi ya 1,000. Madagaska peke yake, kisiwa ambacho eneo lake ni kama sehemu moja ya hamsini ya Afrika, ina zaidi ya 200, karibu zote hazipatikani kwingine. Afrika bara, pamoja na msitu wote wa Kongo, ina takriban 65.

Namba hiyo inauma, na mtu anaweza kudhani ni kwa sababu Afrika ni kavu. Msitu wa Kongo si mkavu kiasi hicho. Jibu liko kwenye visukuku, mabaki ya kale yaliyogeuka mawe. Chavua na mabaki ya majani kutoka sehemu mbalimbali za Afrika yanaonyesha kwamba zamani sana, kabla ya miaka milioni 34 iliyopita, bara hili lilikuwa na aina nyingi zaidi za jamii hii, zikiwemo koo nzima ambazo leo hazipo hapa. Kisha dunia ikapoa. Barafu ikajikusanya Antaktika, mvua ya kitropiki ikapungua, na Afrika ikaanza kupoteza. Huko Chilga, kaskazini-magharibi mwa Ethiopia, tabaka za miaka milioni 27 hadi 28 zina visukuku vya ndugu wa mkoche na vya ndugu wa mitambaazi ya msitu inayofanana na henzirani. Leo Chilga ni nyanda za juu. Mitambaazi hiyo utaikuta magharibi, kwenye misitu ya Kongo na pembezoni mwake.

Mambo hayakuishia hapo. Ardhi ya Afrika Mashariki ikainuka pamoja na Bonde la Ufa, unyevu wa kutoka magharibi ukazuiliwa, nyasi zikatanuka mahali pa misitu. Halafu zikaja zamu za Enzi za Barafu, ambazo kwetu hazikuleta barafu ila juu ya milima mirefu, zilileta ukame. Kila ukame uliondoa baadhi, na kila mvua iliporudi iliwakuta wachache zaidi wa kuanza nao.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ni wa mnipa, mti wa jamii hii unaoota kwenye matope ya mikoko huko Asia. Visukuku vyake vimepatikana Afrika, kuanzia Misri hadi Nigeria na Senegali, lakini ulitoweka huku mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 1906 mbegu zake zililetwa Calabar, Nigeria, kutoka bustani ya mimea ya Singapore. Tangu hapo umetapakaa kwenye delta ya Niger hadi umekuwa kero, unaisukuma mikoko ya asili. Kwa hiyo tabianchi ya leo ya Nigeria haikuwahi kuukataa mnipa. Ulikatazwa na tabianchi ya zamani, ukafa, na baada ya kufa hapakuwa na mbegu ya kurudisha ukoo hadi mtu alipoileta kwa meli.

Hesabu za kitaalamu zinasema jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 2013 zilichapishwa tafiti mbili, moja ya Afrika na nyingine ya Madagaska. Ya Afrika ilikuta kwamba hali ya hewa ya mamilioni ya miaka iliyopita bado inaonekana kwenye wingi wa spishi za leo. Ya Madagaska ilikuta kwamba mvua ya kilele cha Enzi ya Barafu ya mwisho, miaka kama 21,000 iliyopita, ni miongoni mwa vielelezo vikubwa vya mahali spishi zilipojaa sasa. Sehemu zilizoendelea kunyeshewa wakati kwingine kulipokauka ndizo zenye utajiri. Huko mashariki, kwenye rasi ya Masoala, hunyesha zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka na msitu umejaa ndugu za mpapindi wa kila kimo. Ukienda kusini-magharibi, penye miiba na ukame, unakuta chache mno.

Waliobaki wanafuata maji ya ardhini

Kabla ya kurudi Pemba inafaa kuwatazama wale walioyashinda mateso hayo ya bara, maana wao ndio tunaowajua kwa jina.

Mkoche unaota Turkana, mahali ambapo Lodwar hupata kama milimita 200 za mvua kwa mwaka. Ukisoma ramani ya mvua peke yake utasema haiwezekani. Lakini mikoche ya Turkana imejipanga kando ya Turkwel na Kerio, mito ambayo mara nyingi ni mchanga mtupu kwa juu, na mizizi inakunywa maji yaliyo chini ya mchanga. Mvua iliyonyesha milimani mbali ndiyo inayoushibisha. Mkoche pia umeivunja ile kanuni ya kilele kimoja: shina lake linagawanyika mara mbili, na kila tawi likagawanyika tena, jambo lililo adimu sana katika jamii hii.

Mvumo unafanya hila nyingine. Mbegu yake ikiota haichipui pale pale juu ya ardhi. Inasukuma chipukizi chini, ndani ya udongo, na mche unaanza maisha yake ukiwa umezikwa mbali na moto wa mbuga na jua la Oktoba. Mkoche nao hufanya hivyo. Ndiyo maana kwenye mabonde ya Rufiji na Tana, yanayofurika kisha yakakauka, mivumo imesimama mirefu mahali ambapo miti mingine haidumu.

Mkindu umeenea kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini na kuvuka hadi Madagaska, na popote uendapo unaukuta karibu na chemchemi, kijito au bwawa. Mwale unakaa ndani ya kinamasi kabisa. Anayesuka anaijua jiografia hii kwa mikono yake: miyaa ya jamvi inatoka kwenye mkoche na mkoma wa nchi kavu, na ukindu wa mkeka unatoka penye unyevu. Mchikichi nao, ingawa wakulima wanautafutia mvua ya karibu milimita 2,000, kule Kigoma unaishi kwa nusu ya hiyo, ukikaa mabondeni karibu na vijito na kupata unyevu wa Ziwa Tanganyika. Ni mti unaopenda mwanga. Matope ya kale ya maziwa ya Afrika ya Kati yanaonyesha chavua yake ikiongezeka kiasi cha miaka 2,500 iliyopita, wakati msitu ulipofunguka.

Wote hawa wana tabia moja. Wamejifunza kuachana na mvua na kuyafuata maji ya ardhini. Bara la Afrika, kwa mamilioni ya miaka ya kukauka na kulowa, limewachuja na kuwaacha wale wasiotegemea wingu kila mwezi. Mpapindi si wa namna hiyo. Ni mti wa kivuli cha msitu wenye unyevu, unaoota mahali ambapo mvua inafika mara kwa mara. Ndiyo maana nasema ni wa bahati ya namna ya pekee, kwamba upo hatua chache kutoka bara ambalo liliwamaliza wa aina yake.

Mkondo wa Pemba

Jibu lililobaki limo baharini, na mvuvi wa Wete analijua kwa kina cha nanga yake. Mkondo kati ya Unguja na bara ni kina kifupi, makumi ya mita tu. Mkondo kati ya Pemba na bara unashuka hadi mita 800 hivi. Wakati wa Enzi ya Barafu ya mwisho bahari ilishuka kama mita 120. Unguja ikawa sehemu ya bara, mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo. Pemba ikabaki kisiwa, kama ilivyokuwa kwa muda mrefu kabla yake.

Wanyama wanaithibitisha hadithi hiyo. Unguja ilikuwa na chui, ina kima punju, ina paa nunga: wote walitembea. Pemba haikuwahi kuwa na chui, na kima punju wachache walioko Ngezi walipelekwa na watu miaka ya 1970. Badala yake Pemba ina popo wake mkubwa, Pteropus voeltzkowi, ambaye kama mpapindi hapatikani kwingine. Jenasi ya popo huyo imeenea Asia, Australia, Madagaska, Komoro na Shelisheli. Imefika Pemba, imefika Mafia, lakini katika bara la Afrika haina makazi. Mti na mnyama, kila mmoja kwa njia yake, wanaonyesha upande ule ule wa bahari. Na mkondo wa maji unaotiririka kutoka mashariki hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska, hupita karibu na Komoro, kisha hugeukia kaskazini kando ya pwani yetu. Upepo wa kusi unavuma kuelekea huko huko. Tunda dogo, iwe limebebwa tumboni mwa mrukaji au juu ya magogo yaliyong'olewa na kimbunga, lilihitaji kufika mara chache tu katika maelfu kwa maelfu ya miaka.

Kufika peke yake kusingetosha. Naamini mbegu kama hizo zilifika bara pia, kwa sababu pwani ya bara ni ndefu na Pemba ni nukta. Tofauti ni kilichowapata baada ya kufika. Kwenye bara, msitu wa pwani ulikuwa unakatika kila ukame ulipokuja: ukaingia moto wa mbuga, wakaingia wanyama wakubwa wa kula majani na kuvunja shina, na mti wenye kilele kimoja, usiojua kujizika wala kulala, haukuwa na pa kujificha. Pemba ilizungukwa na maji ya joto pande zote. Hata mvua ilipopungua, upepo uliofika kisiwani ulikuwa umepita juu ya bahari, na moto wa mbuga haukuweza kuvuka mkondo. Kwangu mimi hiyo ndiyo maana kamili ya kusema tabianchi inaamua. Inaamua mara nyingi, kwa zamu, na aliyeshindwa zamu moja hayupo kwenye zamu inayofuata, hata kama mvua imerudi na kuwa nzuri.

Hewa iliyoleta karafuu

Hatari kubwa iliyoufika mpapindi katika karne mbili zilizopita imetoka kwenye neema ile ile. Mkarafuu unapenda hewa kama ya Pemba: joto lisiloyumba, mvua nyingi, udongo wenye kina. Ulipoenezwa visiwani wakati wa Sayyid Said, Unguja ndiyo iliyotangulia. Aprili 1872 kimbunga kikaivunja mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika kwa sehemu kubwa, ikashika usukani wa zao hilo. Vilima vyake vya udongo mzuri, ambavyo ndivyo vilivyokuwa na msitu wenye unyevu, vikafyekwa na kupandwa. Kilichobaki kikubwa ni Ngezi, hekta 1,400 na kitu, uliowekwa chini ya hifadhi katika miaka ya 1950. Silaumu wakulima, karafuu imelisha na kusomesha vizazi. Lakini inapasa ijulikane kwamba mvua iliyoutunza mpapindi kwa zama zisizohesabika ndiyo iliyofanya ardhi yake itamaniwe.

Sasa kuna hatari nyingine. Dunia inapata joto, na masika ya Afrika Mashariki yamekuwa yakiyumba katika miongo ya karibuni, yakichelewa au kukatika mapema. Mti wa Usambara ukibanwa na joto una mlima wa kupanda, kizazi kwa kizazi. Ndugu wa mpapindi walioko Madagaska wana kisiwa chenye milima inayozidi mita 2,000. Kilima kirefu kabisa cha Pemba hakifiki mita 150. Hakuna pa kwenda juu, na pembeni ni mashamba, kisha maweni, kisha bahari.

Kwa hiyo swali la vitendo ni dogo na linaweza kufanyiwa kazi na watu wa Pemba wenyewe. Popo wa Pemba alikuwa ameuawa hadi kukaribia kwisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vijiji vilivyoamua kumlinda, kama Kidike, vilimrudisha. Mpapindi unahitaji uangalizi wa aina hiyo hiyo, ukiwa na vitu viwili: kipimo cha mvua ndani ya Ngezi kinachosomwa kila siku bila kukosa, na vipande vya msitu vilivyowekewa alama ambamo miche inahesabiwa baada ya kila masika na baada ya kila kiangazi. Hesabu ianze na miche, isianze na miti mikubwa. Mti mzima unaweza kuonekana wa kijani miaka mingi baada ya mvua kuanza kuusaliti, kwa sababu mizizi yake imeshafika chini na shina limehifadhi maji. Mche ambao mizizi yake haijapita shubiri moja ndio utakaoonyesha mabadiliko kwanza, tena mapema kiasi kwamba bado kutakuwa na muda wa kukusanya mbegu, kuziotesha kwenye vitalu vya Konde na Wete, na kuzirudisha kwenye mabonde ambayo leo yana mikarafuu mizee isiyozaa tena.